Hii picha, bwana. Ramani iko wapi?

Jirani yangu ana kiwanja Fuoni. Kakusanya matofali kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na mwezi uliopita akaja barazani na simu mkononi, uso umemkunjuka. "Mwalimu, ramani imeshakuja." Akatuonyesha nyumba nzuri kwelikweli: paa rangi ya damu ya mzee, gari jeupe mbele ya mlango, minazi miwili, mpaka kivuli cha minazi kimelala ukutani. Fundi wake, mzee aliyejenga nusu ya mtaa ule, akaichukua simu, akaikuza kwa vidole viwili, akaigeuza ubavu, kisha akamrudishia mwenyewe.

"Hii picha, bwana. Ramani iko wapi?"

Jirani alikasirika, maana pesa alikwisha kulipa. Lakini mkanganyiko ule si wake peke yake. Mimi nafundisha michoro ya kiufundi kwa wanafunzi wanaoanza uhandisi, na kila mwaka wiki ya kwanza inakwenda hivyo hivyo. Nusu ya darasa wanadhani wamekuja kujifunza kuchora vizuri. Wengine wanataka kuhama kozi kabla hawajanunua penseli: "Mwalimu, mimi mkono wangu mbaya tangu skuli ya msingi." Na wazazi nao huniuliza, sasa hivi kompyuta zinachora kila kitu, hawa watoto wanawekewa ubao na rula ya T za nini?

Tuanze na neno lenyewe. Mtaani "ramani" ni kila kitu: ramani ya dunia, ya kiwanja, ya nyumba, hata karatasi ya kuelekeza nyumba ya harusi. Si kosa. Ila darasani tunaposema mchoro wa kiufundi tunakusudia jambo moja: maelezo ya kitu kwa mistari, vipimo na alama ambazo watu wamekubaliana, ili mtu asiyekujua, aliye mbali nawe, aweze kukitengeneza kitu hicho bila ya kukupigia simu. Picha inakwambia nyumba itapendeza vipi ukisimama barabarani. Haikwambii ukuta una unene gani, dirisha linaanzia kimo gani kutoka sakafuni, wala nyuma ya gari jeupe kuna nini.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye vivuli. Zamani umeme ukikatika usiku, watoto tulikuwa tukicheza na kivuli cha mkono mbele ya kandili. Ukiusogeza mkono karibu na taa, kivuli kinakuwa zimwi la ukuta mzima. Ukiupeleka mbali, kinasinyaa. Kivuli cha kandili kinadanganya kipimo, kwa sababu mwanga unatoka pahala pamoja na kutawanyika. Picha ya kamera ndivyo ilivyo, na jicho pia: jahazi likitoka Forodhani linazidi kuwa dogo, na hakuna anayeamini kwamba limepungua.

Kivuli cha jua ni kitu kingine. Jua liko mbali mno, kwa hivyo miale yake hutufikia kana kwamba imelala sambamba. Kwetu hapa Unguja, mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, jua la mchana linapita karibu utosini kabisa. Toa meza uani siku hizo, utazame kivuli chake chini: urefu ni ule ule wa meza, upana ni ule ule. Ukipitisha kalamu pembezoni mwa kivuli hicho, umechora mwonekano wa juu wa meza. Mchoro wa kiufundi ni kivuli cha jua. Unachukua miale sambamba, unaiangushia karatasi, na kipimo kinabaki na heshima yake.

Ila kivuli kimoja hakitoshi. Nikikuchorea duara nikakwambia huu ndio mwonekano wa juu, utajua ni kitu gani? Linaweza kuwa chungwa. Linaweza kuwa kopo la maziwa, au sinia. Itabidi nikuonyeshe na mwonekano wa mbele: chungwa litakuwa duara tena, kopo litakuwa mstatili, sinia litakuwa ufito mwembamba. Ndiyo maana mchoro mmoja huwa na mionekano miwili, mitatu au zaidi, kila mmoja umetazamwa kwa pembemraba, hakuna unaotazama kwa mshazari.

Siku ya kwanza darasani huwa naleta mbuzi ya kukunia nazi. Naiweka juu ya meza, naigawa karatasi, nasema: chora ukiwa ubavuni, chora ukiwa mbele, chora ukiwa juu. Hapo ndipo nawaona. Aliyekaa ubavuni anaziona miguu zimepishana kama herufi X, na ulimi wa chuma umetokeza. Lakini aliyekaa mbele naye anachora X, ilhali kutoka pale haionekani kabisa! Anachora mbuzi anayoijua, ile ya jikoni kwao, badala ya ile inayoonekana kutoka pale alipo. Nikimwita nikamwinamisha mpaka jicho lake liwe sawa na meza, anacheka mwenyewe. Kutoka mbele kuna miti miwili imesimama wima, ubao wa kukalia umelala juu yake, na katikati kile kichwa cha chuma chenye meno. Saa nzima ya kwanza tunaimaliza kwa mbuzi, na sijawahi kujuta. Kazi kubwa ya somo hili iko hapo: kukubali kusimama pahala pamoja na kusema kile tu kinachoonekana kutoka pahala hapo.

Utaratibu huu wa mionekano uliwekwa sawasawa na Mfaransa mmoja, Gaspard Monge, miaka ya 1760, akiwa mchoraji kijana katika skuli ya wahandisi wa jeshi huko Mézières. Alipewa hesabu ya kupanga ngome, kazi iliyokuwa ikichukua muda mrefu wa kukokotoa, akaimaliza kwa michoro upesi kiasi kwamba mkubwa wake mwanzoni alikataa hata kuitazama. Walipoona ni kweli, wakaifanya siri ya jeshi. Hadharani ilifundishwa mwaka 1795, kitabu kikatoka 1799. Kwa hivyo kijana anayelalamika hapa Unguja kwamba somo ni gumu, ajue lilikuwa likifichwa kama baruti.

Sasa, mionekano ikishakuwa mitatu, inapangwaje karatasini? Hapa pana mtego ambao mimi mwenyewe ulinikamata.

Kuna mipango miwili. Wa kwanza, unaotumika sana Ulaya, ufikirie hivi: kitu kimelala mezani, wewe unakitazama kutoka juu yake. Kibingirishe kwenda kulia. Upande gani umekuja juu? Ule uliokuwa kushoto. Basi mwonekano wa kushoto unachorwa kulia, na mwonekano wa juu unachorwa chini. Wa pili, wa Marekani na Kanada, ni kama boksi la biskuti unalolifunua na kulilaza bapa: cha kushoto kinabaki kushoto, cha juu kinabaki juu. Wote ni sahihi. Ili msomaji ajue uko upande gani, pembeni mwa karatasi huwekwa alama ndogo ya pia (umbo la koni) iliyokatwa ncha, imechorwa kwa ubavu na kwa mbele. Mpangilio wa vile vipande viwili ndio unaomwambia.

Mwaka wangu wa kwanza nilichora kipande cha chuma chenye umbo la herufi U, kina tundu kwenye mkono wa kushoto tu. Nilikuwa nimesoma nusu kwenye kitabu cha mpango huu na nusu kwenye kitabu cha mpango ule. Mwonekano wa kushoto nikauweka kushoto, alama ya pia sikuiweka, na kwenye mwonekano wa mbele nikavivia kuonyesha tundu kwa mstari wa vipandevipande. Fundi wa karakana aliyezoea mpango wa Ulaya akausoma mchoro kama alivyofundishwa. Tundu likaja kulia. Nilikwenda kugomba, akanifungulia karatasi yangu mwenyewe mezani, akaweka kidole, akanyamaza. Kile chuma ninacho mpaka leo, nakandamizia karatasi.

Huo mstari wa vipandevipande nilioudharau una maana yake, kama ilivyo mistari mingine. Mstari mnene usiokatika ni ukingo unaoonekana. Uliokatikakatika ni ukingo uliopo lakini umefichwa nyuma ya kitu. Mwembamba unaokwenda kirefu, kifupi, kirefu ni wa katikati, hasa ya duara au tundu. Ndiyo sababu mwanafunzi anaambiwa awe na penseli zaidi ya moja: 2H ngumu kwa mistari hafifu ya kujengea, HB kwa kukoleza. Hakuna urembo hapo. Mnene na mwembamba ni maneno mawili tofauti.

Mistari ya vilivyofichwa ikizidi, mchoro unakuwa vurugu kama nyavu zilizosokotana. Dawa yake ni kukata. Chukua papai. Ukilikata kwa marefu unapata umbo la mtumbwi, mbegu zimejipanga katikati. Papai lile lile ukilikata kwa mapana unapata duara lenye uwazi wa pembe tano ndani. Ni tunda moja, na mikato yake miwili haifanani hata kidogo. Kwa hivyo mchoraji hasemi tu "nimekata", anaonyesha kisu kimepita wapi na yeye anatazama upande gani: mstari wenye mishale miwili, pembeni herufi A na A. Pale kisu kilipogusa nyama panajazwa mistari ya mshazari, mara nyingi ya nyuzi 45. Penye uwazi panaachwa peupe.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanaojenga hawalijui. Ile ramani ya vyumba, yenye milango na madirisha, kila mtu anasema ni nyumba ikitazamwa kutoka juu. Kutoka juu ungeona bati tu! Ile ni mkato. Mchoraji amepitisha msumeno wa kufikirika kwenye kuta zote, kwa kawaida kiasi cha mita moja au zaidi kidogo kutoka sakafuni, akaondoa sehemu ya juu, akatazama chini. Kimo hicho kimechaguliwa ili msumeno upite kwenye milango na madirisha. Dirisha dogo la choo lililo juu karibu na dari msumeno haulifikii, ndiyo maana huchorwa kwa mstari uliokatika au husahauliwa kabisa, na fundi akasahau naye.

Mikato hiyo ndiyo inayoeleza pia mambo ya kwetu. Chora mpango, yaani ile ramani ya vyumba, wa nyumba yoyote kongwe ya Mji Mkongwe, utaona vyumba virefu na vyembamba, upana wake haupiti sana mita tatu. Ukitazama mpango tu utadhani ni mapenzi ya mwenye nyumba. Chora mkato wa wima, utaona sababu: sakafu imebebwa na boriti za mikoko zilizolazwa ukuta hadi ukuta, na boriti ina urefu wake wa kutegemewa. Upana wa chumba uliamuliwa msituni.

Mchoro wa isometriki, ule wa kitu kilichosimama kwa pembe, mistari ikiondoka kwa nyuzi 30 kulia na kushoto, nitaupitia haraka. William Farish wa Cambridge aliueleza mwaka 1822. Unafanana na picha, lakini haupunguzi cha mbali, kwa hivyo unaweza kupima kwenye mielekeo yake mitatu. Wanafunzi wanaupenda kuliko vyote. Mimi nawaambia ni msaidizi: unamsaidia msomaji kufahamu umbo, kazi yenyewe inafanywa kwenye mionekano na mikato.

Skeli ndiyo inayokula pesa za watu. Skeli ya 1:100 maana yake milimita moja ya karatasi ni milimita mia za kweli. Ukuta wa mita tatu unakuwa milimita 30. Kwa 1:50 ukuta ule ule ni milimita 60. Kwa hivyo 1:50 ni mchoro mkubwa kuliko 1:100, ingawa hamsini ni ndogo kuliko mia. Kila darasa wanaikosea hii, na mimi nawasamehe kila mara.

Balaa linaanza kwenye duka la fotokopi. Karatasi za A3 na A4 zimetengenezwa kwa uwiano maalumu, ukikunja moja kati unapata nyengine yenye umbo lile lile, ndiyo maana mashine hukubali kuipunguza A3 iwe A4 bila ya kubakisha pembe. Inapunguza urefu kuwa asilimia 71. Sasa mwenye nyumba ana mchoro wa A3, anataka nakala ya bei nafuu, anatoa A4. Pale chini bado pameandikwa 1:100, lakini ule ukuta wa milimita 30 sasa ni 21. Fundi akiweka rula yake anasoma mita mbili na sentimita kumi. Kitanda cha sita kwa sita kitaingia, kabati litabaki ukumbini. Na hiyo ni fotokopi. Picha ya mchoro iliyotumwa kwa WhatsApp haina skeli yoyote, maana kila simu ina kioo chake.

Kwa hiyo sheria yetu ni moja: haupimwi mchoro kwa rula, inafuatwa namba iliyoandikwa. Na namba hizo huwa kwa milimita, hata kama kipimo hakikutajwa. Ukiona 3000, ni mita tatu. Mafundi wetu wengi wanafikiri kwa futi, na chumba cha "kumi kwa kumi" ni 3048, si 3000. Sentimita tano hizo ni kidogo, mpaka zikutane na vigae.

Nirudi kwa wale wenye mkono mbaya. Kuchora jahazi linalopendeza ni kipaji, sikatai. Lakini hapa mstari ulionyooka unapigwa na rula, duara linapigwa na bikari, nyuzi zinatolewa na seti-skwea. Kinachobaki ni kichwa, na kichwa kinazoezwa. Huwa nawaambia kila mtu aje na kipande cha muhogo na kisu. Nachora mionekano mitatu ubaoni, wao wanalichonga umbo. Mwaka mmoja aliyewashinda wote alikuwa binti aliyekuwa akishona nguo za harusi nyumbani kwao, aliyeniapia siku ya kwanza kwamba kuchora hajui. Nilipomuuliza kawezaje, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Mwalimu, si ndiyo kukata nguo? Vipande bapa, halafu kiwe mtu." Tangu siku hiyo nautumia mfano wake na sijamlipa.

Na kompyuta? Ivan Sutherland alionyesha programu ya kuchorea kwenye kioo mwaka 1963, na programu ya AutoCAD ipo tangu 1982, kwa hiyo si mgeni wa jana. Kompyuta inanyoosha mstari, inafuta bila ya kutoboa karatasi, inakupa mwonekano wa nne ukiutaka. Haiamui mkato upite wapi ili fundi afahamu. Nimeshaona michoro ya kompyuta misafi kama sinia la harusi, haina hata kimo kimoja cha dirisha. Maoni yangu, na wenzangu wengine hawanipendi kwa hili: penseli muhula mmoja inatosha. Kumkalisha kijana wiki nzima akirembesha herufi ni kumuadhibu tu.

Hoja ya mwisho huwa inatoka kwa wazee, nayo ina uzito. Mafundi wa Nungwi wanaunda majahazi, wanalaza mkuku, ule uti wa chombo, wanapandisha mbao, wanalikadiria tumbo kwa jicho, na hakuna karatasi pale ufukweni. Chombo kinafika Pemba na mzigo. Basi mchoro wa nini? Jibu langu ni kwamba mchoro wao upo, umo mikononi, na unapokelewa kwa kusimama pembeni ya fundi miaka. Unafanya kazi kwa sababu anayefikiri na anayechonga wako ufukwe mmoja, mara nyingi ni mtu mmoja. Mwambie fundi huyo mataruma, zile mbavu za chombo, yachongwe Wete, mbao zipasuliwe Tanga, na yeye mwenyewe asiwepo. Hapo ataomba karatasi kabla yangu.

Jirani yangu alirudi kwa mchoraji, akaongeza pesa. Wiki iliyopita tulizifungua karatasi zake barazani: mpango wa vyumba kwa 1:100, mikato miwili, mionekano minne ya nje, na ukurasa mzima wa milango na madirisha kwa 1:50. Zote nyeusi na nyeupe, namba kila pahala. Akazigeuza moja moja mpaka ya mwisho, akarudia tena kutoka mwanzo.

"Minazi yangu je?"

Fundi hakumjibu. Alikuwa keshatoa futikamba mfukoni, anauliza kiwanja kinaanzia wapi.